Barua ya wazi: Kabla mtu hajashuka duarani, jina la nyumbani liandikwe

Kwa Waziri wa Madini, Tume ya Madini na Maofisa Madini Wakazi wa mikoa, Wakurugenzi wa Halmashauri zenye machimbo, OSHA (wakala wa usalama na afya mahali pa kazi), na wenye leseni za uchimbaji mdogo.

YAH: DAFTARI LA WATU KATIKA MADUARA (MASHIMO YA KUCHIMBIA) YA DHAHABU

Ndugu viongozi,

Kijana anayetoka Kasulu, Ukerewe au Songea kwenda machimbo ya Nyarugusu, Mwakitolyo au Matundasi habebi anwani. Hubeba namba ya simu ya mtu aliyemtangulia. Akifika, namba haipatikani, au mwenyewe kahama usiku kufuata rashi (mkimbilio wa dhahabu mpya) iliyolipuka wilaya ya pili. Kijana anapokelewa na kundi jingine, anapewa jina la mgodini, anashuka. Miezi sita baadaye nyumbani hakuna anayejua yuko duara gani, na duarani hakuna anayejua ametoka kijiji gani.

Huko nyumbani kimya chake kina tafsiri tatu: katoboa akatusahau, kaoa akalowea, au kafa. Sisi tunaoshika daftari za viroba (mifuko ya mawe ya dhahabu) na mgao tunajua kwamba mara nyingi jibu ni la nne. Hana kitu, na anaona haya kupiga simu mikono mitupu.

Daftari la viroba lipo kila machimbo, na linaandikwa kwa uangalifu hadi kiroba cha nusu. Daftari la watu ama halipo, ama lipo kwa ajili ya mgeni wa ukaguzi. Tunaomba liwe sharti la kazi: mtu asishuke kabla jina lake la nyumbani na namba ya ndugu yake, iliyopigwa ikapokelewa, havijaandikwa. Mengine yote katika barua hii yanatokana na hilo.

Kwanza tueleze kimya kinavyoanza, maana ofisini huonekana kama tabia mbaya ya vijana. Duara la mita 40 kwenye mwamba mgumu, kwa nyundo, tindo na mtarimbo, huteremka nusu mita kwa siku kazi ikienda vizuri, robo mita ikienda vibaya. Kwa nusu mita hizo ni siku 80, na hapo hujahesabu siku za kuvuta maji, siku za kusubiri moshi wa baruti utoke, wala wiki nzima ya kukata na kupanga matimba (magogo ya kuzuia kuta). Muda wote huo mwenye duara hutoa chakula na vifaa. Mshahara hakuna. Mchimbaji hulipwa siku jiwe la dhahabu linapopatikana, na hulipwa kwa mawe.

Mgao hutofautiana kutoka leseni hadi leseni, lakini mtindo ulioenea humpa mwenye leseni asilimia 30, na inayobaki hugawanywa kati ya mwenye duara aliyebeba gharama na wachimbaji. Tuseme vimetoka viroba 100 na kundi la watu 10 limepata 30. Kila mmoja ana viroba 3. Kiroba kikiwa na kilo 50, amepata kilo 150 za mawe. Jiwe lenye gramu 10 kwa tani, ambalo ni jiwe zuri, lina gramu 1.5 za dhahabu ndani ya mzigo wake. Hiyo ni iliyomo, bado hajaipata. Karasha (mashine ya kusaga mawe) ina malipo yake, mwalo (mahali pa kuoshea mawe yaliyosagwa) una malipo yake, na uchenjuaji, yaani kutoa dhahabu, wa zebaki mara nyingi hautoi hata nusu ya dhahabu iliyo kwenye jiwe. Iliyobaki inalala kwenye marudio (mchanga uliokwisha kuoshwa), na marudio kwa desturi hubaki mali ya mwenye mwalo, ambaye atayauza au kuyapeleka plenti ya sayanaidi, kiwanda kinachotoa dhahabu kwa kemikali hiyo. Mchimbaji wetu anaondoka na kama gramu 0.6. Hizo ndizo siku 80. Toa deni la mama ntilie, toa deni la vocha, toa buti zilizotoboka.

Masoko ya madini yaliyoanza kufunguliwa mwaka 2019 yamesaidia wauzaji wenye mzigo: bei elekezi inajulikana, mrabaha wa asilimia 6 na ada ya ukaguzi ya asilimia 1 vinakatwa mezani mbele ya macho. Lakini mwenye gramu 0.6 hafiki sokoni. Nauli ya pikipiki peke yake ingemla. Anauza palepale kambini kwa mwenye mizani ya mfukoni, kwa bei ya kambini.

Basi anasema, nitapiga nikipata. Na hapa ndipo kimya kinapojilisha chenyewe. Aliyenyamaza mwezi mmoja anaweza kurudi hewani na shilingi 10,000 za mama. Aliyenyamaza mwaka mzima anaona hawezi kupiga bila fedha ya mabati. Aliyenyamaza miaka mitatu anaona hata mabati hayatoshi, heri aonekane amekufa. Kadiri siku zinavyozidi ndivyo bei ya salamu inavyopanda, ilhali yeye habari za nyumbani anazitaka kila siku: mtoto kaanza shule? Baba kapona mguu? Shamba la bondeni limegawanywaje? Tumewaona watu wanaomsaili kila mgeni anayeshuka kwenye basi, mradi ametoka mkoa wao, kuulizia mvua tu.

Sasa majina. Machimboni mtu huitwa Kigoma, Mrefu, Kichwa, Mzee wa Winchi. Mwenye duara huandika hivyohivyo kwenye daftari la mgao, na kwa kugawa viroba inatosha. Siku duara likimeza watu, daftari hilo linasema wamefukiwa Kigoma wawili na Mrefu mmoja. Polisi anauliza Mrefu ni nani, mwana wa nani, wa kijiji gani. Watu wanatazamana.

Januari 2024, katika machimbo ya Ng'alita wilayani Bariadi, waokoaji waliambiwa mwanzoni kwamba waliofukiwa ni 19 au 20. Miili iliyotolewa ikafika 22. Tofauti ya watu wawili au watatu haikutokana na hesabu ngumu. Inatokea popote ambapo waliotoka wanahesabu waliobaki kwa kukumbuka sura, tena usiku, tena wakilia. Na hesabu ya watu ndiyo inayoamua uokoaji unaendelea au unasimama. Nyangarata, wilayani Kahama, watu sita walifukiwa tarehe 5 Oktoba 2015, na watano wakatolewa wakiwa hai baada ya siku 41 kwa kuwa wachimbaji wengine walisikia sauti zao. Mmoja wa hao watano alifariki baadaye hospitalini. Mtu anaweza kuwa hai chini kwa muda mrefu kuliko subira ya walio juu, na kitu cha pekee kinachowalazimisha walio juu waendelee kuchimba ni jina ambalo halijafutwa mahali.

Daftari lenyewe tunalopendekeza ni la kawaida, lile kubwa la jalada gumu, kurasa mbili zikitazamana kwa kila watu kumi. Liandikwe kwa penseli, maana penseli haichuruziki karatasi ikilowa, na machimboni kila kitu hulowa. Upande wa kushoto: majina matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho, jina la mgodini, mwaka wa kuzaliwa, namba ya NIDA kama anayo, alama ya mwilini ambayo haiondoki, kama kovu au jino lililovunjika. Upande wa kulia: mkoa, wilaya, kata, kijiji na kitongoji, namba mbili za ndugu wasiokaa nyumba moja, jina la mtendaji wa kijiji au mwenyekiti wa kitongoji, nani aambiwe kwanza, na nani asiambiwe. Safu hiyo ya mwisho msiichekelee. Wapo waliokimbia ndoa, deni au ugomvi wa ardhi, na ukiwanyima safu hiyo watakuandikia kijiji cha uongo.

Namba za ndugu zisiandikwe zikaachwa. Zipigwe hapohapo, mchimbaji akiwa amesimama mezani, aongee dakika moja. Sababu ya kwanza ni kuthibitisha: mtu akitaja namba kwa kichwa, tarakimu mbili zikibadilishana nafasi zinatosha kuipotosha familia. Sababu ya pili mmeshaiona hapo juu. Simu hiyo ya usajili inavunja kimya bila mtu kuhitaji kisingizio wala fedha, kwani aliyeilazimisha ni karani. Vocha ya dakika moja kwa kila mtu ni gharama ndogo kuliko chochote kingine kinachonunuliwa duarani, ikiwemo konyagi ya kufungulia duara.

Kila miezi mitatu namba zijaribiwe upya, kwa kuwa laini isiyotumika muda mrefu hufungwa na namba hupewa mtu mwingine. Nakala ya pili ya daftari ikae nje ya kambi, kwa mtendaji wa kijiji au ofisi ya leseni. Vibanda vya machimbo ni nailoni na nyasi, vikishika moto haviachi karatasi.

Katika usajili watakosekana watu wa aina mbili, na wote wawili mtawahitaji. Wa kwanza ni wasio na kitambulisho, wakiwemo waliovuka mpaka kutoka Burundi au Congo. Wa pili ni wanawake wanaoponda mawe na kuchekecha pembezoni mwa karasha, ambao kwa kuwa hawashuki hakuna anayewahesabu, ingawa ukingo wa duara ukimomonyoka wao ndio walio juu yake. Daftari liwaandike wote. Likigeuzwa kuwa la kodi, la uhamiaji au la kusakia wadaiwa, watu watajiandikisha majina ya marehemu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatosha kuwa msingi: taarifa hizi zimekusanywa kwa ajili ya usalama na kuwafahamisha ndugu, basi, na atakayezitumia kwa jambo jingine awajibishwe. Semeni hivyo hadharani, kwenye mikutano ya machimbo, kwa kipaza sauti.

Na mkitaka kuona daftari sahihi la watu lilivyo, kaeni kwa mama ntilie. Deni la sahani moja ya wali limemfanya ajue mteja wake anatoka wapi, ndugu yake ni nani, anafanya kazi duara lipi na zamu ipi. Baada ya ajali nyingi, orodha ya kwanza inayoaminika hutoka kwenye daftari lake lenye mafuta.

Daftari hueleza nani yumo kambini. Halielezi nani yumo chini saa hii. Kwa hilo kuna njia ya zamani inayofahamika migodi mikubwa na haina gharama: visahani. Kila mchimbaji apewe visahani viwili vya bati vyenye namba yake ya daftarini. Namba itobolewe kwa msumari, isiandikwe kwa rangi, ili isomeke kwa kidole hata ikiwa na tope. Kimoja avae shingoni kwa waya mwembamba. Kingine akitundike kwenye ubao wa mdomo wa duara anaposhuka, akitoe anapopanda. Mvuta winchi, anayeshusha na kupandisha watu kwa kamba, ndiye mlinzi wa ubao, kwa sababu hakuna anayepita bila yeye kumwona. Zamu ikiisha na kisahani kimebaki, zamu mpya haishuki na baruti hailipuliwi mpaka mwenye kisahani apatikane.

Utaratibu huu huharibika wapi? Mara nyingi huharibika mahali pa aina tatu. Mtu humtolea mwenzake kisahani kwa kumsaidia, naye bado yuko chini. Dawa yake ni kila mtu kutoa cha kwake kwa mkono wake, bila huruma. Pili, maduara yaliyotobozana: mtu anashuka kwa duara hili anapandia la jirani. Ubao wa huku unasema yumo, watu wanaanza kulia, kumbe anakunywa chai. Maduara yaliyotobozana yawe na ubao mmoja, au anayepandia kwa jirani apeleke taarifa kabla hajanawa mikono. Ya tatu ndiyo mbaya zaidi: waokoaji. Mashine ya kuvuta maji inayotumia petroli ikiwashwa chini huacha hewa yenye sumu isiyo na harufu. Mmoja akianguka, wa pili anamkimbilia, wa tatu anamkimbilia wa pili, na hakuna hata mmoja kati ya hao aliyetundika kisahani. Anayeshuka kuokoa naye atundike. Inachukua sekunde tatu, na sekunde hizo zinampa mvuta winchi nafasi ya kuuliza hewa imepimwa au la.

Wapo pia wanaoingia usiku kuiba jiwe. Hao hawatatundika kitu. Tunakiri kwamba hatuna dawa yao zaidi ya kufunga mdomo wa duara kwa magogo na kufuli.

Tuje kwenye simu, maana ndiyo posta ya zama hizi. Mchimbaji huacha simu juu kwa sababu chini hakuna mtandao na maji huiua. Akifukiwa, simu iko kambini inaita, na hakuna anayeweza kuifungua kwa vile ina namba ya siri. Ndugu wote wamo humo ndani na mtu wa kuwafikia hayupo. Hii ni sababu nyingine ya namba kuwa kwenye karatasi.

Simu ikipotea, shida hubadilika sura. Tangu usajili wa laini kwa alama za vidole, kurudisha namba kunahitaji kidole cha mwenyewe. Vidole vya mchimbaji vimesagwa na jiwe, vimeliwa na saruji na maji ya mwalo, na mashine ya wakala inavikataa. Anaambiwa rudi kesho, na kesho duara liko umbali wa saa tatu. Tunachojua kinasaidia: apumzishe mikono siku tatu au nne bila kushika mawe, apake mafuta usiku, asubuhi aoshe kwa sabuni na akaushe kabisa, ajaribu vidole vyote kumi kwa zamu, akianza na vya mkono asioutumia kushika nyundo, kidole kidogo cha mwisho mara nyingi kikiwa na mistari iliyosalia, na kioo cha mashine kifutwe kila baada ya jaribio. NIDA na kampuni za simu ziwe na utaratibu ulioandikwa kwa asiyesomeka vidole vyote, na wakala wa machimboni aujue. Hivi sasa wengi huishia kununua laini iliyosajiliwa kwa kidole cha mtu mwingine. Laini hiyo ikifungwa hairudi, na fedha iliyokuwemo inakwenda nayo. Mtu apige *106# aone laini zilizosajiliwa kwa jina lake. Asipoiona anayoitumia, ajue ameazima.

Chaji nayo ni kikwazo kwa wasio na deni la kutosha dukani. Kambi ya watu 25 inaweza kujitegemea. Simu ndogo 20 zenye betri ya mAh 1,000 zinahitaji kama Wh 74. Simu janja 5 za mAh 5,000 zinahitaji kama Wh 93. Jumla ni Wh 167, na ukiongeza upotevu weka 220. Paneli moja ya wati 100 kwenye jua la saa tano hutoa wastani wa 350. Betri ya volti 12 yenye Ah 50 ina Wh 600, na ukitumia nusu yake tu ili isife mapema, una 300. Vumbi la karasha lifutwe juu ya paneli kila asubuhi kwa kitambaa chenye maji, la sivyo ndani ya wiki moja utaanza kulaumu betri bure.

Kuna hatari ambayo daftari lenyewe linaweza kuizaa. Matapeli wanajua mama wa mchimbaji huamini kila sauti inayotaja machimbo. Hupiga wakasema mwanao kavunjika mgongo, tuma 200,000 ya hospitali. Au mwanao kafariki, tuma ya jeneza. Kwa hiyo siku ya usajili, kwenye ile dakika moja ya kuongea, mchimbaji na ndugu yake wakubaliane neno moja la siri, jina la mbuzi au la mti wa uani, na liandikwe mwisho wa safu. Anayepiga kutoka machimboni aseme neno hilo kwanza. Asiyelijua asitumiwe hata senti.

Siku ya habari mbaya, isipelekwe kwa ujumbe wa maandishi, na asiambiwe mtoto aliyepokea simu ya bibi. Apigiwe kwanza mwenyekiti wa kitongoji, aende nyumbani na mtu mwingine mmoja, kisha simu ya pili ipigwe akiwa ameketi na wahusika. Mpigaji awe mmoja tu, aliyeteuliwa na kujulikana. Makundi ya simu hayana ustaarabu huo: picha ya mwili hufika kijijini kabla ya jina. Wenye duara wapige marufuku picha eneo la ajali, na mvuta winchi akusanye simu.

Kuna na njia ya kurudi: habari kutoka nyumbani kwenda kwa mchimbaji. Mama akifariki Kibondo na namba ya mwanawe imekufa, familia impigie nani? Leo hupiga kwa mtu anayemjua mtu. Kila halmashauri yenye machimbo iwe na namba moja ya ofisi, yenye laini iliyosajiliwa kwa jina la ofisi, ili afisa akihamishwa namba ibaki. Anayepokea aandike mambo matano: anatafutwa nani, kwa jina la nyumbani na la mgodini, ametoka kijiji gani, mara ya mwisho alisikika machimbo gani na mwezi gani, ujumbe wenyewe kwa maneno yasiyozidi ishirini, na namba ya kurudishia jibu. Salamu za kawaida zibandikwe kwenye ubao wa mwaloni, mahali ambapo kila mtu hupita akisubiri karasha. Msiba na ugonjwa visibandikwe wala visisomwe kwenye kipaza sauti. Ubandikwe wito tu, "fika ofisini", na mtu aambiwe akiwa amekaa.

Mchimbaji akihama, daftari liandike anakoelekea. Rashi ikilipuka watu huondoka saa nane usiku wakining'inia kwenye malori, hivyo hatutarajii aage. Lakini mwenye duara anajua nani hakuja asubuhi, na anajua rashi iko wapi. Aandike "ameondoka, inasemekana Londoni, Singida" na tarehe. Nusu ya ukweli huo imewaokoa wengi waliokuwa wakitafutwa mkoa usio wao.

Upande wa sheria hatuombi mambo mapya mengi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 15, inamtaka mwajiri aandike jina, umri, anwani ya kudumu na mahali mfanyakazi alikochukuliwa. Kifungu cha 43 kinamtaka amrudishe au amlipe nauli ya kurudi alikomchukua mkataba unapoisha. Wenye maduara hujibu kwamba mtu wa mgao si mwajiriwa, ni mshirika. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka huohuo, kifungu cha 61, inataja dalili za ajira: kuelekezwa namna na saa za kazi, kutegemea kipato kwa mtu mmoja, kupewa vifaa. Mchimbaji anayepangiwa zamu, anayelala kibanda cha mwenye duara na kushika nyundo yake, ana dalili kadhaa kwa pamoja. Tamkeni msimamo mmoja wa kiserikali juu ya watu wa mgao, kwani kwa utata huo anayeanguka duarani hubaki nje ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na maiti husafirishwa kwa kofia ya mchango inayozungushwa mwaloni. Mshirika au mwajiriwa, jina lake la nyumbani haliwezi kuwa jambo la kubishaniwa.

Utekelezaji uanze na leseni zinazohuishwa. Leseni ya uchimbaji mdogo hudumu miaka 7, kwa hiyo mkisubiri mzunguko wa leseni peke yake mtasubiri sana. Wekeni pia tarehe moja ya mwisho kwa maduara yote yanayofanya kazi, nje ya masika, wakati maji yamepungua na watu hawajatawanyika. Vyama vya wachimbaji kama GEREMA cha mkoa wa Geita, na FEMATA, shirikisho lao la nchi nzima, vinaweza kuchapisha daftari la mfano na kuliuza kwa gharama ya karatasi.

Na ukaguzi usiishie kuuliza "daftari lipo?" Litakuwepo, limeandikwa jana yake kwa mwandiko mmoja na kalamu moja. Afisa asimame mdomoni mwa duara, ahesabu visahani kwenye ubao, asubiri zamu ipande, ahesabu vichwa. Kisha afungue daftari, achague majina matatu bila kuchaguliwa, achukue simu yake mwenyewe, apige namba za kijijini na kuuliza mtu wenu huyu yuko wapi. Ikipokelewa na mtu anayejua jibu, daftari limepita.

Ni sisi,
Washika daftari wa maduara